Toronto walipomtoa DeRozan kumpata Leonard: Ilikuwa biashara au kamari?

NA MWANDISHI WETU

UKITAKA kuwasha ubishi kati ya wapenzi wa mpira wa kikapu, iwe Kigali, Dar es Salaam au Nairobi, usiulize nani bora kati ya Michael Jordan na LeBron James. Swali hilo limechosha. Waulize kama Toronto Raptors walifanya jambo la maana Julai 18, 2018, walipomtoa DeMar DeRozan na kumchukua Kawhi Leonard.

Miaka imepita, kombe limeshanyanyuliwa na wote wawili wameshahama, lakini ubishi haujaisha. Wapo wanaosema ni biashara bora kuliko zote ilizowahi kufanya timu hiyo. Wapo wanaosema ilikuwa kamari iliyobahatika, na kwamba mtu aliyelipa gharama yake hakuonja faida hata siku moja.

Kwetu sisi wa ukanda huu, ubishi huo una sababu mbili za kufuatiliwa. Kwanza, aliyeifunga biashara hiyo ni Masai Ujiri, wakati huo rais wa Raptors, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake ni Mkenya. Pili, msomaji anayevusha mzigo Namanga, Busia au Rusumo hulijua swali lenyewe bila kufundishwa: nitoe nilichonacho na ninachokijua, nichukue kile ambacho huenda kikaniinua na huenda kikanifilisi?

KILICHOTOKA NA KILICHOINGIA

Tuanze na hesabu. Toronto walitoa wachezaji wawili, DeRozan na kijana mrefu kutoka Austria, Jakob Poeltl. Wakaongeza haki ya kuchagua mchezaji chipukizi katika raundi ya kwanza ya drafti ya 2019, kwa sharti kwamba ikiwa nafasi hiyo ingeangukia kati ya 1 na 20, isingetoka mwaka huo. San Antonio Spurs nao wakatoa Kawhi Leonard na Danny Green.

DeRozan alikuwa ametimiza misimu tisa Toronto, timu iliyomchagua akiwa wa tisa katika drafti ya 2009. Aliondoka akiwa ndiye mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu, pointi 13,296. Alikuwa amechaguliwa mara nne kwenye mchezo wa nyota wa ligi. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka mitatu, wa mwisho kwa hiari yake.

Leonard alikuwa mchezaji bora wa fainali za 2014 akiwa na umri wa miaka 22, na mlinzi bora wa ligi mara mbili mfululizo, 2015 na 2016. Kwa ubora wa uwanjani, wachache duniani walimzidi. Lakini msimu wa 2017/18 alicheza mechi tisa tu kwa sababu ya jeraha la paja. Mkataba wake ulikuwa na mwaka mmoja wa uhakika, na ilijulikana kila mahali kwamba alitaka kwenda Los Angeles, si Canada kwenye baridi.

Kwa lugha ya sokoni, Toronto walitoa mzigo wenye soko la uhakika wakachukua mzigo wa daraja la kwanza uliopata mtikisiko njiani, ambao tarehe yake ya mwisho wa matumizi ilikuwa imekaribia.

SI KAMA KUUZA MCHEZAJI WA SOKA

Wengi wetu tumezoea habari za usajili wa soka. Klabu moja inamtaka mchezaji wa klabu nyingine, inaleta fedha, na mchezaji mwenyewe anakubali au kukataa masilahi. Akikataa, biashara imekufa.

Kikapu cha Marekani hakiendi hivyo. NBA ni soko la mali kwa mali. Timu hubadilishana wachezaji pamoja na haki za kuchagua chipukizi wa miaka ijayo, na mkataba wa mchezaji humfuata aendako. Isipokuwa wachache sana wenye kifungu cha kukataa kuhamishwa, mchezaji haulizwi. Anaweza kulala akiwa wa Toronto na kuamka akiwa wa Texas.

Zaidi ya hapo, kuna kikomo cha mishahara. Timu iliyokwisha kukivuka haiwezi kuchukua mchezaji wa mshahara mkubwa bila kutoa mishahara inayokaribiana. Ndiyo maana wachezaji wasiotajwa sana huingia kwenye mabadilishano, kazi yao ikiwa ni kuisawazisha mizani. Kwa msimu wa 2018/19, mshahara wa DeRozan ulikuwa dola milioni 27.7 na wa Poeltl milioni 2.9. Leonard alikuwa akilipwa milioni 23.1 na Green milioni 10. Jumla ni milioni 30.6 upande mmoja na 33.1 upande wa pili. Mizani ikakubali.

Hilo linasaidia kujibu hoja moja ya vijiweni. Mara nyingi utasikia mtu akisema Toronto wangemwacha DeRozan na kumpata Leonard kwa kutoa vijana. Wasingeweza kirahisi. Mshahara wa Leonard ulidai mshahara mkubwa utoke, na wenye mishahara mikubwa Toronto walikuwa wachache. DeRozan ndiye aliyekuwa na mshahara huo pamoja na jina la kuwatuliza mashabiki wa San Antonio.

WALIOPINGA WALIKUWA NA HOJA

Siku ile Toronto palizuka kilio, na haikuwa hisia tupu. Mwaka 2016 DeRozan alikuwa huru kuzungumza na timu yoyote. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa eneo la Los Angeles, na Lakers walikuwa na nafasi ya kumlipa. Hakwenda hata kuwasikiliza. Alisaini tena Toronto, miaka mitano kwa dola milioni 139. Kwa mji uliozoea kuona nyota wake wakikimbilia kusini mwa mpaka, kuanzia Tracy McGrady hadi Vince Carter na Chris Bosh, huyo alikuwa mtu wa kwanza mkubwa aliyesema, hapa ni kwangu.

Mwezi Februari 2018 alieleza hadharani kwamba anapambana na sonona. Katika mchezo ambao wanaume hufundishwa kuficha maumivu, kauli hiyo iliwafungulia wengine mlango. Miezi mitano baadaye, timu yake ikamhamisha.

Kisha likaja suala la neno. DeRozan alieleza kwamba alipozungumza na uongozi muda mfupi kabla ya hapo, aliondoka akiamini hahamishwi. Alipopata habari alijiona amedanganywa. Ujiri, mbele ya waandishi wa habari, aliomba radhi na kusema hawakuelewana vizuri. Wapo waliompokea na wapo waliomwona kama dalali aliyekubembeleza asubuhi kisha jioni akauza kiwanja chako.

Hoja ya tatu ilikuwa ya kibiashara kabisa. Unamtoa mtu mwenye miaka mitatu kwenye mkataba kwa ajili ya mtu ambaye huna hakika kama mguu wake umepona, na ambaye hata akipona anaweza kuondoka baada ya miezi kumi na miwili bila kukuachia kitu. Mfanyabiashara yeyote makini angeuliza: hasara ikitokea, nitabaki na nini?

WALIOUNGA MKONO WALIANGALIA DAFTARI

Upande wa pili haukuanza na mapenzi. Ulianza na kumbukumbu. Mwaka 2016 Toronto waliondolewa na Cleveland Cavaliers ya LeBron James kwa mechi 4 kwa 2. Mwaka 2017 wakaondolewa na Cleveland hao hao, 4 kwa 0. Mwaka 2018 waliongoza ukanda wa Mashariki kwa ushindi 59 na vipigo 23, msimu bora katika historia yao hadi wakati huo. Wakakutana na Cleveland. Wakafungwa 4 kwa 0 tena.

Katika mechi ya tatu ya mwaka huo, DeRozan alikaa benchi robo yote ya mwisho. Nyota wa timu anapokuwa benchi wakati mechi inaamuliwa, mtu wa hesabu anaelewa kwamba mtaji huu umefika ukingoni. Kocha Dwane Casey alifukuzwa kazi mwezi Mei, na mwezi uliofuata akatangazwa kocha bora wa mwaka wa ligi. Nick Nurse, msaidizi wake, akapewa timu.

Halafu soko likafunguka. Julai 2018 LeBron alihamia Lakers, ukanda wa Magharibi. Mlango uliowafungia Toronto miaka mitatu ulikuwa wazi, na haukuwa wa kukaa wazi milele. Boston walikuwa na vijana wanaokua. Philadelphia na Milwaukee vilevile. Kama kuna mwaka wa kuongeza dau, ulikuwa huo.

Na kuna jambo ambalo waliopinga hawakulipa uzito wa kutosha siku ile: kile ambacho Toronto hawakutoa. Pascal Siakam alibaki. Fred VanVleet alibaki. OG Anunoby alibaki. Kyle Lowry, rafiki mkubwa wa DeRozan na injini ya timu, alibaki. Hata ile haki ya raundi ya kwanza iliwekewa sharti, ili kama timu ingeharibika, nafasi ya juu isipotee. Leonard angeondoka, Toronto wangebaki na vijana wa kujengea. DeRozan angebaki, wangeendelea kushinda mechi 50 kila mwaka na kurudi nyumbani mwezi Mei.

Hapo ndipo tofauti ya kamari na biashara inapoanza kuonekana. Mcheza kamari huweka mezani kila alicho nacho. Toronto waliweka kilicho kikubwa, lakini walishajua watakula nini kesho yake kama karata ingegoma.

MUUZAJI ALIYEBANWA

Tusisahau upande wa San Antonio, kwa sababu ubishi mwingi huwahukumu Toronto kana kwamba walikuwa wakinunua kwa mtu aliyetulia. Spurs walikuwa wamebanwa. Leonard hakutaka kubaki. Ligi nzima ilijua. Kila mwezi uliopita ulipunguza bei yake, kwa sababu ulipunguza muda ambao mnunuzi angemtumia.

Anayepeleka nyanya sokoni anaijua hali hii. Lori limekwama mpakani kwa siku mbili, karatasi hazijakamilika, jua linawaka, na mnunuzi anayekuja anatembea polepole akijua kwamba wewe huwezi kungoja. Hapo bei haiamuliwi na ubora wa nyanya. Inaamuliwa na saa.

San Antonio walikataa jambo moja: kujenga upya kwa kuanzia sifuri. Walitaka mchezaji wa kuwasaidia kushinda leo, na wakampata DeRozan. Je, walifaidika? Aliwachezea misimu mitatu kwa kiwango kizuri. Haki ya drafti waliyopewa iliangukia nafasi ya 29, wakamchukua Keldon Johnson, ambaye aliwafaa kuliko nafasi hiyo ilivyoahidi. Lakini mwaka 2020, baada ya miaka 22 mfululizo ya kufuzu hatua ya mtoano, San Antonio walikosa. Kuuza kwa kulazimika mara nyingi huishia hivyo: hupati hasara ya kukuua, ila hupati pia kitu cha kukuinua.

Na hapa pana kichekesho cha historia. Leonard mwenyewe alifika San Antonio kwa njia ya kubadilishana. Usiku wa drafti ya 2011 alichaguliwa na Indiana akiwa wa 15, na papo hapo Spurs wakamchukua kwa kumtoa George Hill, mchezaji aliyependwa sana na mashabiki wao na kocha wao. Wakati ule pia wapo walionung'unika. Miaka mitatu baadaye yule kijana asiyejulikana alikuwa mchezaji bora wa fainali.

ALFAJIRI YA JUNI 14, 2019

Msimu wa Leonard Toronto ulisimamiwa kama mzigo wa vioo. Kati ya mechi 82 za msimu wa kawaida alicheza 60. Alipumzishwa mara kwa mara, na kuna mashabiki waliolalamika kwamba wamelipa tiketi kumwona mtu aliyevaa suti. Alipocheza, wastani wake ulikuwa pointi 26.6. Mwezi Februari Ujiri akaongeza dau: akawatoa Jonas Valanciunas, Delon Wright na CJ Miles kwenda Memphis, akamleta mkongwe Marc Gasol. Timu ikamaliza na ushindi 58, pungufu kwa mechi moja na ule wa mwaka uliotangulia.

Tofauti ilionekana Mei. Mei 12, mechi ya saba dhidi ya Philadelphia, matokeo yakiwa 90 kwa 90, Leonard alirusha mpira kutoka pembeni huku muda ukiisha. Mpira uligonga chuma mara nne kabla ya kuzama. Alimaliza na pointi 41. Baada ya hapo Milwaukee waliongoza 2 kwa 0, kisha wakafungwa mechi nne mfululizo.

Fainali ilikuwa dhidi ya Golden State Warriors. Mechi ya sita ilichezwa Oakland usiku wa Alhamisi, Juni 13. Kwa saa za Afrika Mashariki ilianza alfajiri ya Ijumaa, na walioitazama huku walikuwa wale waliokesha, au wale waliozoea kuamka mapema kuwahi mzigo. Toronto walishinda 114 kwa 110 na kutwaa ubingwa kwa 4 kwa 2. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kombe la NBA kwenda nje ya Marekani. Leonard akawa mchezaji bora wa fainali kwa mara ya pili.

Wapinzani wa biashara hiyo hukumbusha, na ni haki yao, kwamba Golden State waliumizwa na majeraha. Kevin Durant alicheza mechi moja tu ya fainali ile na akakatika mshipa wa kisigino. Klay Thompson aliumia goti katika mechi ya mwisho. Na mpira uliogonga chuma mara nne ungeweza kutoka nje. Mpira ule ukitoka na Toronto wakafungwa katika muda wa nyongeza, leo tungekuwa tunaandika makala nyingine kabisa.

Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande ule, na haijibiwi kwa kuonyesha picha ya kombe. Inajibiwa kwa kurudi Julai 2018 na kuuliza kama uamuzi ulikuwa sahihi kabla mpira haujarushwa.

MWAKA MMOJA, KISHA AKAONDOKA

Mwanzoni mwa Julai 2019, chini ya mwezi mmoja baada ya ubingwa, Leonard alichagua Los Angeles Clippers. Toronto hawakupata kitu. Danny Green naye akaenda Lakers. Kile ambacho waliopinga walikitabiri kilitimia neno kwa neno.

Lakini nyumba haikuanguka. Msimu wa 2019/20, bila Leonard wala DeRozan, Toronto walishinda mechi 53 na kupoteza 19, wakaondolewa na Boston katika mechi ya saba ya raundi ya pili. Vijana ambao hawakutolewa ndio walioibeba timu. Msimu uliofuata ndio uliokuwa mgumu: janga la korona liliwalazimisha kuchezea Tampa, Florida, kwa sababu ya vizuizi vya mpakani, na wakashinda mechi 27 tu. Wasomaji waliokwama upande mmoja wa mpaka mwaka 2020 wataelewa bila maelezo zaidi.

DALLAS WALIVYOFANYA KINYUME

Ubishi wa Toronto ulipata uhai mpya Februari 2025, Dallas Mavericks walipomtoa Luka Doncic kwenda Lakers. Doncic hakuwa ametimiza miaka 26, na miezi minane kabla alikuwa amewafikisha fainali. Walimtoa pamoja na Maxi Kleber na Markieff Morris. Wakapata Anthony Davis, anayekaribia miaka 32, kijana Max Christie na haki moja ya raundi ya kwanza ya 2029. Utah nao waliingia katikati kusaidia mizani ikae sawa.

Meneja mkuu Nico Harrison alisema anaamini ulinzi ndio unaoleta ubingwa. Waliomtetea walisema pia kwamba Doncic alikuwa na maswali juu ya utimamu wa mwili, na kwamba mkataba wake ujao, ambao ungeweza kufikia dola milioni 345 kwa miaka mitano, ungewafunga mikono.

Mashabiki hawakukubali. Davis aliumia katika mechi yake ya kwanza, Februari 8. Kyrie Irving akapasuka mshipa wa goti mwezi Machi. Aprili 9 Doncic alirudi Dallas akiwa na jezi ya Lakers na kufunga pointi 45, huku uwanja ukiimba Harrison afukuzwe. Bahati iliwapa Dallas nafasi ya kwanza ya drafti, ingawa uwezekano wao ulikuwa asilimia 1.8 tu, wakamchukua Cooper Flagg. Hata hivyo, Novemba 11, 2025, Harrison alifutwa kazi.

Ukiziweka biashara hizi mbili kwenye mizani moja, tofauti haiko kwenye bahati peke yake. Toronto walitoa mchezaji mzuri wakachukua aliye bora zaidi na mdogo kidogo kwa umri. Dallas walitoa aliye bora na mdogo, wakachukua mkubwa mwenye historia ya majeraha. Toronto walinunua kwa muuzaji aliyebanwa na saa. Dallas hawakubanwa na mtu; walikwenda wenyewe kwa mnunuzi mmoja kimyakimya, bila kutangaza mzigo sokoni wasikie wengine watatoa nini.

Mama anayeuza ndizi Mutukula hawezi kuuza tenga zima kwa mteja wa kwanza kabla ya kusikia bei ya wa pili. Dallas walifanya hivyo na mchezaji wa aina ambayo timu huipata mara moja kwa miaka ishirini.

THABEET, MTANZANIA ALIYEJUA UPANDE WA PILI

Mashabiki hubishana kuhusu biashara hizi wakiwa wamekaa kwenye kiti cha meneja. Ni mara chache hukaa kwenye kiti cha anayehamishwa. Sisi tunaye mtu aliyekikalia.

Katika drafti ileile ya 2009 iliyompeleka DeRozan Toronto akiwa wa tisa, Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Februari 2011, kabla hajamaliza msimu wake wa pili, Memphis walimhamishia Houston Rockets. Pamoja na DeMarre Carroll na haki ya drafti, aliondoka ili Memphis wampate mkongwe Shane Battier.

Kwa Memphis ilikuwa biashara ya maana. Miezi miwili baadaye Battier alifunga pointi tatu za ushindi katika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio, ushindi wa kwanza wa klabu hiyo katika hatua hiyo. Memphis, waliokuwa wa nane, wakawaondoa Spurs waliokuwa wa kwanza. Kwa Thabeet, aliyekuwa na umri wa miaka 24, ulikuwa mwanzo wa kuzungushwa: Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City.

Huwezi kuwalaumu Memphis kwa hesabu. Ila ukimtaja Thabeet Dar es Salaam, watu hawaulizi kama Memphis walifaidika. Wanauliza kama kijana alipewa muda. Na mashabiki wa Toronto waliomlilia DeRozan walikuwa wakiuliza kitu cha namna hiyo.

HUKUMU NI IPI?

Kwa hesabu, Toronto walifanya biashara, si kamari. Walijua mtaji wao ulikuwa umefika mwisho wa uwezo wake, walikuwa na ushahidi wa miaka mitatu, walimkuta muuzaji aliyebanwa, na hawakuweka rehani vijana wa kesho. Hata wasingetwaa kombe, hoja hizo zingesimama. Kombe limewapa jibu la haraka watu wasiopenda hoja ndefu.

Lakini gharama ya neno haimo kwenye hesabu hiyo. Mipakani mwetu biashara nyingi bado huenda kwa mali kauli: unachukua mzigo leo, unalipa ukiuza, na dhamana yako ni jina lako. Anayefanya kazi hivyo anajua kwamba kubadili uamuzi si kosa, soko hubadilika. Kosa ni mwenzako kusikia kwa watu wengine. Ujiri aliomba radhi, na ni vyema aliomba. Aliendelea kuheshimiwa Toronto hadi alipoondoka Juni 2025, na mwezi uliofuata alifungua Zaria Court, eneo la michezo na biashara, jirani na viwanja vikubwa vya Kigali. DeRozan kwa upande wake alihamia Chicago mwaka 2021, kisha Sacramento mwaka 2024, na hadi msimu wa 2024/25 unamalizika hakuwa amecheza fainali hata moja.

Anayetaka kuona pande zote mbili za ubishi huu katika tukio moja, atafute mechi ya Februari 22, 2019. DeRozan alirudi Toronto kwa mara ya kwanza akiwa na jezi ya San Antonio. Uwanja mzima ulisimama na kumpigia makofi kwa muda mrefu, wakiwemo wengi waliokuwa wameshakubali kwamba timu ilifanya vizuri kumtoa. Zikiwa zimebaki sekunde chache na San Antonio wakiongoza kwa pointi moja, mpira ulikuwa mikononi mwa DeRozan. Leonard alimpokonya, akakimbia nao peke yake na kuuzamisha kwenye kikapu. Toronto walishinda 120 kwa 117.